Diski Ngeni Hailali na Kundi

Ninyi mliorithi kile chumba changu cha kompyuta, pembeni ya stoo ya dawa, mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimekubali, ingawa sina hakika kama mnataka kuyasoma au mnataka tu bibi apate cha kufanya. Mnanijua. Kwa miaka mingi mlikuwa mkiniita Mama Shaka nyuma ya mgongo wangu, mkidhani sisikii. Mlango wa chumba kile ni wa mbao nyembamba.

Habari za vyeo na mishahara kamuulizeni afisa utumishi, ndizo kazi yake. Mimi nitawaeleza nilivyoanza, nani alinifundisha, na habari ya zile diski nne za msaada, maana kila mtu hapo hospitali anaisimulia na sijasikia hata mmoja aliyeisimulia sawasawa.

Nimezaliwa Butiama vijijini, kwenye mji wenye ng'ombe. Nalisema hili mapema kwa sababu nusu ya ufundi wangu sikuupata darasani. Baba yangu akitoka mnadani Bunda na ng'ombe mpya, hakumwingiza zizini siku hiyo, hata awe amenona namna gani. Alikuwa na kizizi kidogo pembeni, cha miiba, na ng'ombe mgeni alilala humo peke yake. Baba alimtazama kama anakula, kama anakohoa, kinyesi chake kikoje, na zaidi ya yote kama anakunywa maji. Majirani walimcheka kwamba anajisumbua. Kisha mmoja wao akanunua dume zuri, akaliingiza moja kwa moja kwenye kundi lake, na ugonjwa uliokuja na lile dume ukamaliza zizi zima. Baba alikwenda kumpa pole. Aliporudi alichukua panga akaenda kuongeza miiba kwenye kizizi chake.

Kulikuwa na jambo la pili, gumu kuliko hilo. Ng'ombe wa kununua unaweza kumshika mdomo ukamkagua meno mbele ya mwenye mali. Ng'ombe wa zawadi hukagui. Ni matusi. Wala huwezi kumrudisha kwa aliyekupa ukamwambia umenipa mgonjwa. Sasa ufanyeje na yule mnyama anakohoa? Baba alikuwa na njia yake. Alimtuma mmoja wetu kwa mtoaji na maneno haya tu: "Ng'ombe wako amekataa maji." Mtoaji akisikia hivyo anachukua fimbo yake, anakuja kumtazama mwenyewe, na atakachokiona kinakuwa kati yake na macho yake. Nilitumwa mara kadhaa na ujumbe huo nikiwa mdogo, nikadhani kweli habari ni maji.

Hospitali nilianza kama mpiga chapa. Siku ya kwanza nilionyeshwa mashine ya chapa, kabati na panya wawili. Kompyuta zilipokuja nikapewa mimi, kwa sababu mpiga chapa alionekana ndiye mwenye undugu nazo. Zilipoanza kuharibika, hospitali ilimwita Mzee Majura kutoka Iringo, kule mjini kwenye maduka. Huyu alikuwa fundi redio. Alitengeneza pia friji za chanjo na jenereta, na kwa mawazo ya wakubwa zetu kitu chochote chenye waya kilikuwa chake. Kompyuta hakusomea popote. Alizisomea mgongoni mwao, kifuniko kikiwa wazi, akipuliza vumbi kwa brashi ya rangi.

Kazi ya kwanza niliyofanya naye ilikuwa mashine ya masjala. Nikamwambia, "Mzee, imekufa."

"Nani kakwambia?"

"Karani."

"Na yeye kaonaje?"

"Anasema haiwaki."

"Karani anasemaga mengi. Wewe umeona?"

Sikuwa nimeona. Tukaenda, tukakuta mtu amechomoa waya ili achaji simu. Mzee Majura hakucheka. Alinikabidhi bisibisi yake, ile ya mpini uliofungwa kwa utepe mweusi, akaniambia niifungue ile mashine hivyo hivyo ingawa ni nzima, nijue ndani yake kukoje ikiwa na afya. Alisema mtu ambaye hajaona kizima hawezi kutambua kibovu. Bisibisi ile ninayo mpaka leo na hamtaipata.

Alinifundisha vingi, lakini kimoja ndicho kilichoniokoa mwishoni. Siku moja vilikuja vifaa vya umeme vya kompyuta, vinne, kwenye maboksi yake. Nikakaa chini kwa furaha nianze kuvifungua. Akanishika mkono.

"Mwanangu, vitu vikija vinne, fungua kimoja. Ukifunguaga vyote, siku ubovu ukitokea watasema wewe ndo umebadilisha. Acha vingine na gundi yake."

Niliona anazidisha. Baadaye nikajua kwamba aliwahi kulala mahabusu kwa ajili ya transfoma ya redio ambayo hata hakuigusa. Kuanzia hapo, chochote kilichokuja kwa idadi nilikifungua kimoja, vingine vikabaki stoo na gundi yake. Nanyi mlinicheka sana kwa hilo. Mzee Majura alifariki akiwa bado anadaiwa na hospitali matengenezo ya friji moja, na mimi niliendelea peke yangu.

Sasa tuje kwenye diski. Diski za zamani, zile zenye sahani inayozunguka ndani, zilikuwa na adabu. Ikitaka kufa ilikohoa kwanza, ikakwaruza, ikakupa muda wa kutoa mali za watu. Hizi SSD mnazozipenda hazina kitu kinachozunguka, ni za haraka kweli, wala sizikatai. Lakini zinalala nzima zinaamka maiti. Na kwa kuwa hazina sauti, mtu mwovu anaweza kuweka chochote ndani ya lile kava akaandika juu SSD, na wewe usisikie tofauti. Msidanganywe na uzito pia. Kuna mafundi watawaambia eti pima mkononi, ya uongo ni nyepesi. Ya kweli nayo ni nyepesi kama kiberiti kitupu, na waongo siku hizi wanatia kipande cha chuma.

Mashine iliyohitaji SSD kuliko zote ilikuwa ya eksirei. Wegesa, dada yetu wa eksirei, aliiwasha asubuhi, akaenda kuchemsha chai, akanywa, akarudi akaikuta bado inajifikiria. Picha moja ilichukua muda mrefu kufunguka, na muda wote huo mgonjwa mwenye mfupa uliovunjika amelala kwenye ile meza baridi. Ndani ya mashine hiyo zilikuwamo picha zote za nyuma pia. Mnajua daktari anavyofanya kwa mtu wa kifua kikuu: anaweka picha ya leo pembeni ya ile ya zamani, anaona kama mapafu yanapona. Picha ikipotea, anatibu kwa kubahatisha. Na mtu wa ajali tukishindwa kumwona ndani, anapelekwa Mwanza kwa barabara na nyonga yake hivyo hivyo.

Bajeti yetu ilikuwa ya kununua kitu kidogo na cha bei ya chini. Nikawa naulizauliza Iringo taratibu. Kabla sijanunua, wazawa wa kwetu wanaoishi jijini wakasikia habari wakachangishana. Kiongozi wao alikuwa Magesa, kijana wa makamo, mtanashati, mama yake ni wa hukuhuku. Akaja na SSD nne, kila moja imeandikwa TB mbili. Hospitali ikapika wali. Kulikuwa na vigelegele, hotuba, na picha nyingi za watu wakiwa wameshika maboksi. Mganga mfawidhi wetu, Daktari Bahati, alifurahi mpaka akavaa tai.

Magesa akanisogelea akiwa na tabasamu pana. "Mama, nimezipata nne kwa bei ya moja! Ilikuwa ofa."

Neno ofa hunifanya nishike pochi yangu. Na hiyo bei ya moja aliyoitaja, kwa Iringo ingekupa diski ya robo ya ukubwa ule, tena ukibembeleza. Nilimtazama yule kijana usoni nikitafuta wizi, sikuuona. Nikayaangalia maboksi, na huko ndiko wasiwasi ulikonikaa. Maandishi ya lebo yalikuwa yamepinda kidogo, kama yaliyobandikwa na mtu aliye na haraka.

Daktari akasema, "Mama, weka moja tuone."

Nikaiweka kwenye kompyuta yangu ya majaribio, mbele ya watu wote. Ikawaka mara moja. Watu wakapiga makofi, Wegesa akaimba kabisa. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijafurahi, nikajiona mchawi.

"Haya," Magesa akasema, "sasa iende kwenye eksirei."

"Diski ngeni hailali na kundi siku ya kwanza," nikamjibu. Yalinitoka tu, maneno ya baba.

Daktari Bahati alicheka kwa meno, macho hayakucheka. "Mama yetu huyu anashukuga mpaka kivuli chake," akawaambia wageni, na wakarudi kwenye wali.

Ikawa nimefungua hiyo moja tu. Tatu nikazifungia stoo na gundi yake.

Jinsi ya kulaza diski pembeni mnaijua, lakini naandika kwa ajili ya watakaokuja baada yenu. Msiamini ile namba inayoonyeshwa na kompyuta. Kompyuta inasema ilichoambiwa na diski, na diski imefundishwa kusema uongo. Ijazeni. Kuna kijiprogramu cha bure kinachoandika mafaili kuanzia mwanzo hadi diski ijae kabisa, kisha kinayasoma yote moja moja kuona kama yamerudi yalivyokwenda. Ni kazi ya kuchosha, na diski ya bei ndogo, hata ya halali, huanza kwa mbio kisha inatembea. Hiyo ya kutembea si kosa, ni umaskini wake. Kosa ni ikirudisha kitu ambacho hukukipa.

Ile ilipokea kila kitu. Hapo ndipo ubaya wake. Diski ya kweli ikijaa inakwambia nimejaa. Hii ilipokea, ikashukuru, ikatupa. Kwenye kusoma, kipande kidogo cha mwanzo kilirudi salama, na baada ya hapo yakawa mafaili yenye majina yake na ndani hamna kitu. Nikaichukua bisibisi ya Mzee Majura nikafungua kava. Ndani kulikuwa na memori kadi kama ya simu, imegandishwa kwa gundi, na pembeni yake kipande cha chuma cha kuongeza uzito. Picha zetu za eksirei zilikuwa zimeshazidi tumbo la ile kadi. Tungezihamishia pale, kisha tukafuta za zamani, tungekuwa tumezizika kwa makofi.

Nikaenda kwa Daktari Bahati nikamweleza. Alisikiliza akiwa anazungusha kalamu.

"Mama, unajua hao watu wamechanga? Kuna wajane wametoa."

"Najua, daktari."

"Tukiwaambia wametupa takataka, kesho nani atatuletea hata shuka? Jumatatu Magesa anakuja kupigwa picha diski ikiwa ndani ya mashine. Nataka iwe ndani."

"Itakula picha za wagonjwa."

"Umebakiza muda gani kustaafu, mama?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananikumbusha kwamba ningeweza kunyamaza na kuondoka salama. Nami nakiri wazo hilo lilinipitia, na liliponipitia liliniogopesha kuliko yeye.

Wegesa ndiye aliyeleta ufumbuzi mtamu. "Mama, tuipachike tu bila waya. Wapige picha yao, wakienda tuitoe. Hapo si tunakuwaga tumemaliza?"

Nilitaka sana kukubali. Ila nilikaa nikaifikiria hiyo diski isiyo na waya. Itatolewa lini? Mara kesho, mara wiki ijayo. Mimi nitastaafu, Wegesa atahamishwa. Atakuja mtu mwema kuliko sisi wote, afungue mashine, aone waya umeachia, autie mahali pake. Ninawaogopa sana watu wema wanaokuta waya umeachia.

Basi Jumamosi nikavaa kitenge changu cha kanisani nikaenda Makoko, alikofikia Magesa kwa shangazi yake, Nyamisi. Nilimkuta mama huyo uani anapara sato, na Magesa amekaa kwenye stuli anaongea na simu. Nikasalimia, nikapewa kiti, nikaulizwa habari za nyumbani, za wagonjwa, za mvua. Magesa akamaliza simu.

"Mama, shikamoo. Diski zinaendeleaje?"

"Marahaba. Ng'ombe wako amekataa maji."

Akanitazama, akamtazama shangazi yake. "Ng'ombe gani? Mimi sikuleta ng'ombe."

Nyamisi aliacha kisu juu ya samaki. Akanawa mikono polepole, mpaka kwenye viwiko. "Mura," akamwambia, yaani kijana, "vaa viatu. Umeitwa."

"Nimeitwa wapi, shangazi?"

"Ukamtazame. Huku kwetu mtu akiambiwaga hivyo hakai chini. Na mimi nakuja."

Njiani alimweleza kwa kilugha, nami nikajifanya sisikii. Tulipofika nikamkalisha Magesa mbele ya kompyuta, nikamwacha aweke mwenyewe video za simu yake kwenye ile diski niliyokuwa nimeirudishia kava lake, nyingi, mpaka zikazidi ule uwezo wake wa kweli. Kisha nikamwambia azifungue. Za mwanzo zilicheza. Za baadaye zilikuwa giza tupu. Akajaribu tena, akakunja mikono ya shati, akajaribu tena. Nikafungua kava akaona kadi na kile chuma.

Halafu akaniuliza, bila kupandisha sauti, "Mama, nitajuaje kama hii ndiyo niliyoleta mimi?"

Mnajua maisha yangu yote nimeshuku watu. Nimeshuku wauzaji, makarani, madereva, nimeshuku hata mafaili. Sikuwahi kujua kwamba kushukiwa kunauma namna ile. Masikio yangu yalipata moto. Shangazi yake aliinamisha kichwa, na nikaona kwamba hata yeye anasubiri jibu.

Nikaenda stoo nikarudi na yale maboksi matatu, nikayaweka mezani. "Gundi yake hiyo, itazame vizuri. Haijaguswa. Chagua moja ufungue mwenyewe. Mimi nakaa huku mlangoni."

Aligeuza boksi la kwanza kila upande, akatazama gundi kwa tochi ya simu. Alikuwa anashuku vizuri, nilimheshimu kwa hilo. Akafungua. Nikamrushia bisibisi. Ndani ya kava kulikuwa na kadi, gundi na chuma. Akafungua la pili na la tatu, ingawa hakukuwa na haja tena. Alipomaliza alikaa juu ya boksi la printa, akaziba uso kwa viganja.

"Watu walinichangia," akasema. "Niliwaambia nimewapatia ofa."

"Umemwona ng'ombe wako," Nyamisi akamwambia kwa upole. "Basi. Hakuna aliyekutukana."

"Mama, nisamehe kwa nilivyokuuliza."

"Ningekuwa wewe ningeniuliza hivyo hivyo," nikamjibu, na ilikuwa kweli.

Hatukungoja Jumatatu. Tulikwenda Iringo siku ile ile, kwa muuzaji ninayemfahamu, yule ambaye akiniona hushusha pumzi. "Mama, wewe tena?" akasema. Magesa alitaka kubwa, mimi nilitaka ya kweli. Tukabishana hapo kaunta. Nikamwambia ukubwa mkubwa kwa pesa ndogo ndio mlango wanaopitia waongo, kwa hiyo mwenye pesa ndogo achague ukubwa mdogo. GB 240 za halali zinatosha mashine ya eksirei kwa muda mrefu, picha za zamani kabisa zikihifadhiwa kwingine. Nikamwambia pia asihangaike na namba za mbio zilizoandikwa kwenye boksi; kwa mashine kuukuu kama yetu, SSD yoyote ya kweli ni muujiza. Waranti ya miaka mingi ni nzuri kama duka litakuwepo, na duka la kwenye simu halina mlango wa kubisha. Kubwa ni swali moja la kumuuliza muuzaji, nawaachia mliulize kila siku: nikienda kuijaza ikakataa, utaipokea? Msisikilize jibu. Mtazameni anapojibu.

Yule muuzaji alikuna shingo. "Ukirudisha na boksi yake, naipokea. Lakini mama, wengine wanachukuaga tu wanaenda."

"Ndiyo maana unawauzia," nikasema. Magesa akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Alilipa yeye, kutoka mfukoni mwake, na sikumzuia.

Ile tuliilaza pembeni, ikajaa, ikarudisha kila ilichopewa. Nikahamisha picha, na diski ya zamani sikuifuta. Mnaikuta kwenye jengo jingine, kwenye kabati la matroni, imefungwa kwenye kitambaa. Ng'ombe wote hawakai zizi moja, hilo nalo ni la baba. Na muibadilishe, haitadumu milele hapo kwenye kitambaa.

Jumatatu Magesa alikataa kupigwa picha na diski. Alimwambia Daktari Bahati mbele yetu sote, "Ng'ombe wangu alikataa maji, daktari. Nimeleta mwingine." Daktari alinitazama, akatazama tai yake. Msamaha hakuniomba. Alinitumia soda chumbani, baridi, na daktari yule hakuwa mtu wa kutuma soda.

Miezi haikupita mingi, kuta za shimo la wachimbaji wadogo upande wa Buhemba zikabomoka asubuhi. Waliletwa wengi kwa mkupuo, kwenye magari ya mizigo, vumbi limewaganda mpaka kwenye kope. Mlikuwepo baadhi yenu. Wegesa hakupata muda wa chai. Picha zilifunguka moja baada ya nyingine. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa anaomba aachwe asimame, anasema haumwi sana, na ndugu zake walikuwa wanamwinua. Daktari Bahati alisimama nyuma ya Wegesa, na picha ya nyonga ikafunguka kabla hajamaliza kuvaa miwani. Akapaza sauti, "Mlazeni! Asiguswe mtu huyo!" Nyonga ilikuwa imepasuka sehemu mbili. Kwa ile diski ya zamani angekuwa ameshasimamishwa. Baadaye, walipopungua, nilimwona daktari anapita pale, akaweka kiganja juu ya kompyuta kama mtu anayepapasa mgongo wa ng'ombe, akaenda zake.

Kuniaga mnakukumbuka. Mlinipa vitenge, masufuria, na hotuba zenye uongo mwingi mzuri. Kisha akaingia Magesa na shangazi yake, amesafiri kutoka jijini, ana boksi dogo, gundi yake imeshakatwa. SSD, kwa ajili ya laptop yangu kuukuu. Ukumbi mzima mkanigeukia kutazama Mama Shaka atafanyaje na ng'ombe wa zawadi.

Sikujua nifanyeje. Niliishika tu. Machozi yalikuwa karibu na nilikuwa nayakataa.

Magesa akaniinamia, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama, mimi nimeshamlaza kwangu. Na wewe mlaze. Sitakasirika."

Nyamisi akapiga kigelegele, na hapo machozi yakanishinda.

Nyumbani nikaiweka pembeni. Nikaijaza yote. Nikaisoma yote, faili moja moja, ingawa moyo ulikuwa umeshamaliza kuamini. Ndiyo iliyomo sasa kwenye laptop hii ninayowaandikia haya. Siku ile, kijiprogramu kilipomaliza kusoma faili la mwisho, nilichukua simu nikamwandikia Magesa ujumbe mfupi. Nilimwandikia: Ng'ombe wako amekunywa maji.